Jumapili Tuliyozima Mashine ya Kliniki

Mke wangu ndiye aliyeligundua tatizo, na aliligundua mchana wa kawaida tu, akiwa amevua viatu na kukunja miguu juu ya kiti kama alivyozoea. Tulifanya kazi pamoja mjini Embu, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chini yetu watu walichagua mabati na misumari. Juu, nyuma ya mlango wa chuma, seva zetu tatu zilivuma kutwa kucha na kutoa joto kavu ambalo mimi lilinichosha na yeye alilipenda. Alisema linamkumbusha kwao Siakago.

"Kuja uone," aliniita. "Hii mashine ya kliniki inasema iko wazi."

Kazi yetu ilikuwa kukodisha kompyuta ambazo hazipo. Ndivyo alivyokuwa akiwajibu watu harusini wakimuuliza anafanya nini. Unachukua seva, yaani kompyuta moja kubwa, unaigawa kwa programu, na kila kipande kinajiona ni kompyuta kamili. Shule moja ilikuwa na kipande chake, chama cha wakulima wa chai kilikuwa na chake, kliniki ya binafsi hapo mjini ilikuwa na chake. Sisi wa kazi hii vipande hivyo huviita wageni, na ile kompyuta kubwa tunaiita mwenyeji. Mgeni hajui lolote kuhusu chuma kilichombeba, ila kile ambacho mwenyeji amekubali kumwonyesha.

Sasa, prosesa za siku hizi, yaani ubongo wa kompyuta, zina pupa. Hazingoji kuambiwa kazi inayofuata. Hukisia na kuianza, na zikiona zimekisia vibaya huitupa. Lakini kitu kikishaguswa huacha alama. Programu mbaya iliyo karibu, ikipima kwa makini ni kipi kinakuja upesi na kipi kinachelewa, inaweza kuokoteza vipande vidogo vidogo hadi isome siri isiyo yake: nywila ya mtu, au jina la mgonjwa na ugonjwa wake. Watengenezaji walipotambua udhaifu huo walitoa marekebisho, yaani swichi mpya ndani ya prosesa ambazo mfumo wa kompyuta unazitumia kujikinga. Marekebisho hayo niliyaweka mimi mwenyewe katika seva zetu. Kwa hiyo nilipoisogelea skrini yake nilikuwa na hakika kwamba amekosea.

"Mwenyeji ana kinga," nikamwambia. "Niliiweka mimi."

"Mwenyeji anayo. Mgeni haioni." Aligusa skrini kwa ukucha. "Si tuliwaonyesha wageni wote prosesa ya zamani, ile ya seva yetu kongwe, ndio tuweze kuwahamisha kutoka seva moja hadi nyingine bila shida? Hiyo ya zamani haina hizo swichi. Mgeni akijitafutia kinga, hapati kitu."

"Lakini mgeni jirani hawezi kumwingilia. Geti nimefunga."

"Geti umefunga, Mmeru wangu. Na ndani ya nyumba je? Kliniki ina ukurasa ambao mtu yeyote anaingia kuomba siku ya kuona daktari. Ina programu ya maabara, ya watu wengine kabisa. Na faili za wagonjwa ziko hapo hapo. Wote wanalala nyumba moja na hakuna chumba chenye mlango."

Nilitazama tena. Alisema kweli.

Tulikuwa tumekutana chuoni, hapo hapo Embu. Mimi ni wa Kianjai, kwa Wameru wa Tigania, yeye alikuwa Mmbeere wa Siakago. Lugha zetu ni kama ndugu wa baba mmoja na mama tofauti: unasikia maneno unayoyajua, kisha ghafla huelewi. Nikisema Kimeru alicheka, akisema Kimbeere nami nilicheka, na hivyo Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yetu kwa sababu hakikuwa cha yeyote kati yetu. Tulitongozana kwa Kiswahili cha shule, tukagombana kwacho, tukapatana kwacho. Tulikuwa tumeoana miaka kadhaa na hatukuwa na mtoto bado. Nyumbani kwetu Kianjai hawakuuliza tena kwa mdomo, ila kila tulipokwenda walituandalia chumba kikubwa.

Mwenye kampuni alikuwa mwalimu wa hesabu zamani, na sote tulimwita Mwalimu. Mke wangu alimpelekea jambo lile siku ileile. Mwalimu alimsikiliza akiwa amesimama, mikono mifukoni.

"Haya mambo ni ya vitabuni," alisema. "Ni nani hapa Embu atakaa chini apime pupa ya prosesa?"

"Mwizi wa haya mambo hahitaji nauli ya kufika Embu, Mwalimu."

"Sawa. Na ile seva ya zamani?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wenyewe, na Mwalimu hakuwa mjinga. Seva moja kati ya zile tatu ilikuwa ya kale, na prosesa yake watengenezaji walikwisha kuiacha bila marekebisho. Stima ikipotea vibaya au seva nyingine ikiharibika, wageni wote walihamia huko hadi mambo yatulie. Tukiwaonyesha wageni zile swichi mpya, wangezizoea, na ile seva isingeweza kuwapokea tena.

"Hiyo mzee imetuokoa mara nyingi," Mwalimu alisema. "Unataka niwaambie wateja kwamba nimewatoa mahali pa kukimbilia, kwa sababu ya mwizi ambaye hakuna aliyewahi kumwona?"

"Nipe kliniki peke yake," mke wangu akasema. "Hao wengine wangoje."

Alimsumbua wiki nzima. Alimfuata hata kwenye ngazi. Mimi nilikuwa namjua kuwa mtu wa subira, mtu wa kuandika ombi lake mara moja na kurudi kwenye kazi yake, na ukaidi ule ulinishangaza. Jioni moja tukitembea kwenda nyumbani nilimuuliza kwa nini kliniki, na kwa nini haraka hiyo.

"Kwa sababu ni kliniki," alijibu. Kisha, tukiwa tumefika karibu na nyumba, akanisimulia habari za mama yake mdogo, ambaye sikuwahi kumwona. Alikuwa akiuza uji wa mawele sokoni Siakago, uji mzito ambao watu waliufuata kutoka mbali. Alipimwa, akakutwa na virusi, na mtu wa hapo alipopimiwa akamwambia mtu. Hakuna aliyemtukana. Watu walianza tu kuja na vikombe vyao wenyewe. Baadaye wakaacha kuja. "Ugonjwa angeishi nao," mke wangu alisema. "Dawa zilikuwepo. Alikaa na sufuria yake imejaa mpaka jioni, siku baada ya siku, na mimi ndiye nilikuwa namsaidia kuimwaga."

Nilimshika mkono hadi mlangoni.

Mwalimu alikubali hatimaye. Tungeifanya Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani na kliniki imefungwa. Tulifika mapema tukiwa na chai ya chupa na mandazi. Kanisa lililokuwa ng'ambo ya barabara lilikuwa limeanza kujaribu vipaza sauti. Yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti, mimi nikasimama nyuma yake.

Alibadilisha maelezo ya yule mgeni, akamwongezea swichi moja moja, kisha akamwamuru ajiwashe upya. Mashine ikarudi, akaisoma, na bado ilisema iko wazi. Akarudia, na jibu likawa lile lile. Niliona mabega yake yameshuka.

"Kuwasha upya kwa ndani hakutoshi," nikasema. "Mgeni hajatoka nyumbani. Mzime kabisa, kisha umwanzishe kama mpya."

Aliizima kabisa. Kliniki ikapotea kwenye skrini, na kwa muda mfupi hapakuwa na kitu mahali pake. Kisha akaianzisha. Tulingoja. Ng'ambo ya barabara waliimba. Mistari ikashuka mmoja baada ya mwingine, na alipouliza tena, kila palipokuwa pameandikwa kwamba mashine iko hatarini palisema sasa kwamba imekingwa.

"Imeingia!" nikasema, nikampiga begani. "Umeona? Imeingia!"

Alisoma mistari yote hadi mwisho. Halafu akaweka paji la uso wake juu ya kibodi na kuanza kulia. Nilicheka, nikidhani ni furaha ya mtu aliyehangaika na Mwalimu wiki nzima.

"Sasa unalia nini, mama?"

"Faili yangu iko humo."

"Faili gani?"

"Yangu. Ya ugonjwa."

Nilijua kwamba amekuwa akienda kliniki hiyo. Tulikwenda pamoja mara ya kwanza, kwa sababu ya kutafuta mtoto, na baadaye aliniambia kwamba bado wanaendelea kumpima. Hilo lilikuwa kweli. Walikuwa wameendelea kumpima hadi wakapata saratani kwenye mlango wa kizazi, na ilikuwa imekwisha kusambaa. Aliyaeleza haya yote akiwa bado amelaza kichwa, akiongea na meza.

"Tangu lini?"

"Kabla sijakuita uone ile skrini. Ndiyo maana nilikuwa naichunguza hiyo mashine."

"Na hukuniambia?"

Aliinua uso. Vitufe vilikuwa vimemwachia alama kwenye paji. "Nilitaka nijue kwanza ni nani mwingine anaweza kuambiwa kabla yako," alisema. "Wewe, kisha mama yako, kisha mama yangu. Nataka wasikie kwangu. Sitaki mtu yeyote alete kikombe chake."

Tulikaa pale mpaka kanisa likatoka. Chai ikapoa ndani ya chupa. Kabla hatujafunga mlango aliniomba nisiwahi kuifungua ile faili, hata kama funguo zote ninazo, hata akiwa hayupo. Yeye mwenyewe hakuwa ameifungua, na angeweza. Nilimwahidi. Sijaifungua.

Wiki iliyofuata tulikwenda Kianjai. Alikataa niseme chochote kwa niaba yake. Mama yangu alikuwa jikoni akimenya ndizi, na mke wangu akaingia, akavuta kigoda, akachukua kisu cha pili. Mimi nilibaki nje nikipasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Mama alitoka baada ya muda mrefu. Alisimama kwenye bomba akanawa mikono, akanawa tena, utomvu wa ndizi haukutaka kutoka.

"Mwari ameniambia mwenyewe," alisema bila kunitazama. Mwari, kwetu, ni binti. Hakuwahi kumwita hivyo; alikuwa akimwita mke wa mwanangu. "Amekuja kutoka Embu kuniambia mwenyewe. Ningesikia sokoni, sijui ningekuwa mtu wa namna gani." Kisha akaniambia niache kupasua kuni.

Tulihangaika na hospitali za Meru, kisha Nairobi. Alichomwa mionzi. Alipata nafuu kidogo, akarudi kazini, akaketi tena na miguu juu ya kiti, na tukaanza kupanga mambo kama watu wanaopewa muda. Kisha maumivu yakarudi yakiwa na nguvu mpya, na daktari akaanza kusema nami kwa upole ule ambao kila aliyeuguza anaujua. Mwezi wa Julai, Embu ilipojifunika ukungu na manyunyu, mifupa ilimuuma hata chini ya blanketi tatu. Aliniomba nimpeleke Siakago, kwenye jua.

Mama yangu alimfuata huko. Hakuna aliyemwita. Alishuka na begi lake na kikapu cha ndizi, na mama mkwe akampokea mlangoni, wakasimama wakishikana mikono. Mmoja alisema Kimeru, mwingine akajibu Kimbeere, na walielewana kadiri walivyohitaji. Waligawana kazi bila kupanga: mmoja alimwogesha, mwingine akapika, na mchana walikaa wote wawili upande mmoja wa godoro wakichambua kunde.

Mimi nilirudi Embu siku za kazi, kwa sababu alinifukuza. "Wageni wengine bado wako wazi," aliniambia. Mwalimu alikuwa ameruhusu tuendelee, mteja mmoja kila Jumapili. Mke wangu alikuwa akinipigia simu kutoka barazani kwa mama yake, sauti yake ikizidi kuwa nyembamba, na kila mara aliniuliza swali lile lile kabla ya mengine yote.

"Umemzima kabisa, ama umemwasha upya tu?"

"Nimemzima kabisa."

"Nisomee."

Nami nilimsomea mistari yote, imekingwa, imekingwa, imekingwa, na nilisikia kuku wa mama yake, na pumzi yake.

Jumapili moja Mwalimu alipanda ngazi akiwa na suti ya kanisani. Sikumtarajia. Alisikiliza nikisoma, kisha akaomba simu.

"Binti yangu," alisema, "ile seva ya zamani nimeamua kuiondoa. Nitatafuta nyingine. Usiwe na wasiwasi nayo."

Sikusikia alijibiwa nini. Mwalimu alisema ndiyo, ndiyo, akanirudishia simu, akaenda kusimama dirishani akinipa mgongo. Alikaa hapo mpaka nilipomaliza.

Mke wangu alifariki siku ya Jumatano. Nilikuwa nimefika asubuhi kwa sababu mama aliniambia nije, na mama hakuwa mtu wa kuniambia nije. Kulikuwa na upepo mkali, upepo wa kule chini unaobeba vumbi na kulipiga mabati. Kwa siku mbili alikuwa ameacha Kiswahili. Alikuwa amerudi kwenye Kimbeere cha utotoni, na hata nilipomwita kwa majina yetu ya nyumbani alinijibu kwa lugha hiyo. Nilishika neno hapa na neno pale. Alipoyasema haraka, kwa sauti ile ndogo, yalinipita.

Mchana alifungua macho akanitazama kabisa, kwa uangalifu, kama anayetaka kuhakikisha kwamba ndiye mimi, akasema kitu kirefu. Nilimgeukia mama mkwe.

"Amesema nini, mama?"

Mama mkwe alisita. Nadhani alitamani kunipa kitu kikubwa zaidi, ila hakuwa mwongo.

"Anasema ufunge mlango, mwanangu. Vumbi linaingia."

Niliinuka nikaufunga mlango. Nikarudi nikakaa. Alikuwa amefumba macho, na hakuyafumbua tena. Jua lilikuwa bado juu alipokata roho, na mama zetu wawili wakaanza kulia, kila mmoja kwa lugha yake.

Tulimzika Kianjai. Watu walikuja wengi, kutoka Siakago, kutoka Embu, na mashangazi ambao nilikuwa sijawaona tangu harusi. Mmoja wao alimvuta mama pembeni, mimi nikiwa karibu, akamuuliza kwa sauti ya chini ni nini hasa kilichomuua msichana mdogo namna hiyo. Mama alirekebisha leso yake.

"Aliyetakiwa kujua aliambiwa," alisema. "Na aliyemwambia ni yeye mwenyewe." Akaenda kuwaonyesha wapishi mahali pa kuweka sufuria.

Mke wangu aliacha mgeni mmoja tu ambaye hajakingwa, ile mashine ya shule. Nilimzima Jumapili iliyofuata mazishi, nikiwa peke yangu, nikamwongezea swichi zake, nikamwanzisha. Aliposema amekingwa nilisoma mistari yote kwa sauti, kwa chumba kitupu, hadi mwisho. Baadaye Mwalimu aliajiri kijana wa kunisaidia. Ni mfanyakazi mzuri. Mwezi wa kwanza alikalia kiti kile na sikuweza kumwambia asikikalie, kwa hiyo nilikuwa natoka nje.

Bado naishi katika nyumba ile ile. Kiswahili changu kimepungua. Kazini naongea kinachohitajika, na nikienda Kianjai naongea Kimeru, na hakuna mtu tena ambaye nahitaji kukutana naye katikati ya njia.

Kila mavuno mama mkwe hunitumia ndengu kwa gari la Siakago, mfuko uliofungwa kwa kamba ya katani. Ni nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula, na mimi sijui kuzipika zikaiva bila kupasuka zote. Safari hii alinipigia simu kuuliza kama zimefika. Nikamwambia zimefika. Akauliza kama nakula. Nikamwambia nakula. Baada ya hapo hakuna aliyekata simu. Nilimsikia akipumua, na nadhani naye alinisikia, mpaka salio lake likaisha.